Kwani sisi tulipiga kura ya nini 1963?

Bwana Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua miaka na mikaka na sijawahi kuwaandikia, hata mlipoiondoa ile kona ya mashairi nilinyamaza nikasema yataisha. Lakini ripoti yenu ya juzi, ati Wakenya walichagua maseneta "kwa mara ya kwanza" 2013, hiyo imenikwama kooni.

Na wale wa Mei 1963 walikuwa waigizaji? Seneti, yaani Bunge la juu, ilikuwa na viti 41, kila wilaya kimoja na Nairobi chake. Chama cha KANU cha Kenyatta 18, chama cha KADU cha Ronald Ngala wetu wa Pwani 16, chama cha APP cha Paul Ngei 2. Sasa tazameni Bunge la chini mwaka huo huo, KANU 83, KADU 33, yaani kichapo cha mbwa koko. Huku wamelala chali, kule Seneti wamekabana koo, manake wilaya ndogo na kubwa zilikuwa sawa, na ndio maana watu wa majimbo, waliotaka kila mkoa ujiendeshee mambo yake, waliitaka na ndio maana haikuishi. KADU ikajivunja Novemba 1964, mwisho wa 1966 Seneti nayo ikamezwa, maseneta wakahamishiwa Bunge na uchaguzi ukasukumwa hadi 1970, sasa nani angekataa kuongezewa miaka ya mshahara? Spika wao Muinga Chokwe, mtu wa huku huku Pwani, leo mwulize kijana yeyote hapa Kilifi atakuuliza, "Huyo ni nani?"

Mwezi jana tuliitwa kwenye kikao cha kutoa maoni, kijana mmoja na projekta yake anatufundisha historia ya ugatuzi, imeanzia Katiba ya 2010 utadhani kabla ya hapo tulikuwa nyani. Nikanyoosha mkono, nikasimama na hili goti langu, nikamwambia mwanangu Seneti nilikuwa naisikia kwa redio ya marehemu baba nikiwa darasa la pili, baba alitoka alfajiri kwenda kupiga kura amevaa kanzu ya Idi, na Idi haikuwa hata karibu. Unajua alinijibu nini? "Mzee, soda yako imefika." Ukumbi mzima ukacheka! Na soda yenyewe ilikuwa moto, na nauli tuliyoahidiwa mia tano tukapewa mia mbili tukaambiwa tutie sahihi mara mbili, ile karatasi ya pili hakuna aliyeonyeshwa juu imeandikwa nini, mkitafuta habari ya kuandika basi anzieni hapo.

Ushauri wangu ni huu. Pale mnapochapisha ubashiri wa mechi za Uingereza, wekeni kwa siku 41 mfululizo kiti kimoja cha Seneti ya 1963, wilaya, seneta na chama. Vile vitatu vya Kaskazini Mashariki ambako Wasomali waligomea uchaguzi, acheni kisanduku kitupu kabisa, msijaze tangazo la mkopo.

Mwalimu mstaafu,
Kilifi