Lile sanduku la babu

Sarajevo

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Natumai nyote hamjambo, mama amepata nafuu ya mguu, na Omari keshaacha kununa. Mimi mzima, ila baridi ya huku ndiyo inayonitesa.

Tangu uniambie paa la nyumba ya babu linavuja tena, na sanduku la tenzi zake lingali palepale juu, chini ya dari bovu, sina raha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Jana nimepita tena Vijećnica, lile jengo la mistari ya njano na nyekundu kando ya mto Miljacka. Lilijengwa na Waaustria walipoitawala Bosnia, wakaiga majengo ya Cairo, likafunguliwa 1896. Baadaye likawa Maktaba ya Taifa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti 1992, mji huu wa Sarajevo ukiwa umezingirwa vitani, likapigwa makombora kutoka milimani, likawaka. Majivu ya karatasi yakawa yanaangukia mitaani. Mwaka 2014 wamelifungua upya, na wallahi ni zuri: matao, nguzo, dari la vioo vya rangi. Lakini vitabu vilivyoungua ni zaidi ya milioni moja, navyo nani atavichonga upya?

Kuna linaloniuma zaidi. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 1992 ilikuwa imeshateketezwa Taasisi ya Mashariki, na miswada yake zaidi ya 5,000: ya Kiarabu, Kituruki, Kiajemi, na ya Kibosnia kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Umenisikia? Lugha yao wenyewe, kwa khati ileile aliyoandikia babu yako.

Iliyopona ni miswada ya maktaba ya Gazi Husrev-beg, liwali wa Bosnia zama za Waosmani, maktaba ya tangu 1537. Mkurugenzi wake, Mustafa Jahić, na wenzake waliitia kwenye maboksi ya ndizi wakaihamisha kwa mikono, leo hapa kesho pale, wakipita mitaa iliyolengwa na wadunguaji. Mmoja wao alikuwa mlinzi wa usiku, Abbas Lutumba Husein, mtu wa Congo. Mwafrika mwenzetu, mbali na kwao, anahatarisha roho yake kwa vitabu vya watu! Mimi na wewe tunashindwa na ngazi moja ya mbao?

Halafu jirani na msikiti wa huyo Gazi Husrev-beg, wa 1531, upo mnara wa saa. Ungeupenda. Jua likizama mishale inaonyesha saa kumi na mbili, kama kwetu, nao huirekebisha kufuata machweo. Nikiutazama nawakumbuka nyote, basi.

Turudi kwenye sanduku. Nakuomba ulishushe kabla ya masika. Kurasa zenye unyevu usizianike juani, ziache kivulini penye upepo. Zilizoshikana usizibandue. Usitie gundi wala selotepu hata chembe. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, kisha zifunge kwa kitambaa cha pamba. Nailoni inafuga unyevu. Ustadh Athumani akusaidie kuzipanga, maana yeye anaisoma ile khati kama gazeti. Picha nitumie mimi, na mtumie na Amina, zikae mahali zaidi ya pamoja. Kama ni gharama ya bando, niambie, nitatuma.

Na wale ami zako wakisema ni makaratasi makuukuu… la, hayo nitawaambia mwenyewe.

Sasa nijibu: mchwa wameshaingia? Ule utenzi wa harusi ya bibi bado una kurasa za mwanzo? Fundi wa paa amepatikana, au mnangojana? Ufunguo anao nani siku hizi? Na utaanza lini, wiki hii au hii ijayo?

Wako akupendaye,
Zuhura