Maboga ya futari tupande vuli, tusifate video za Ulaya

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nizungumze habari ya maboga, na naomba sana itoke kabla Septemba haijaisha, maana ikitoka Novemba itakuwa haimsaidii mtu.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu alinirushia video kwenye WhatsApp, bwana mmoja wa Uingereza anafundisha kupanda maboga nyumbani, anasema mbegu zianze Aprili kwenye vikopo ndani ya nyumba, mwisho wa Mei miche itolewe nje. Nkasema sie hatuna baridi hiyo ya kuweka vikopo ndani, nkazipanda moja kwa moja uani hiyo hiyo Aprili, mbegu 12. Sasa Aprili Pemba mnaijua wenyewe, masika yamekolea, nne zikaozea shimoni, zilizobaki zikatambaa mpaka ukuta wa choo, majani kama sinia, nkafurahi kweli. Maua yakaja mvua bado inanyesha. Kila kijiboga kikifika ukubwa wa ndimu kinageuka njano, kinalainika, kinadondoka. Nimekula msusa tu, yaani majani yake, boga sikuliona hata moja.

Yule bwana hakosei kwao. Kwao wanakimbia baridi ya usiku inayounguza miche, ndo maana wanangoja mwisho wa Mei, na maboga wanayataka yawe tayari Oktoba, tarehe 31 wana siku yao wanayachonga sura. Sie hatuna baridi ya kukimbia wala hatuchongi maboga, sie tunayapika na nazi Ramadhani. Kwa hiyo hesabu yetu ianzie Ramadhani irudi nyuma. Boga toka mbegu mpaka kukomaa linachukua siku 90 mpaka 120 hivi, na Ramadhani ijayo inategemewa mwanzo mwanzo wa Februari 2027, mwandamo ndo utasema. Rudi nyuma siku 120 unaangukia mwanzo wa Oktoba, na hapo ndo vuli inaingia! Yaani mvua inakuja wakati miche inaitaka, kisha kaskazi inaleta jua wakati boga linakomaa. Wazee wetu walohesabu miongo ya siku kumi kumi toka Nairuzi, mwaka mpya wao, hawakuhitaji simu, ukianza na sherehe yake ya Mwaka Kogwa wa Julai mwongo wa tisa unakukuta Oktoba.

Ila Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Disemba, kwa hiyo mwaka huo wa futari ya Disemba itabidi mbegu ziingie ardhini mwisho wa Agosti na ndoo ya maji iwe karibu. Hesabu ibadilike na mwezi, isikaririwe.

Nije kwenye maua, maana hapa ndo wengi tunapoteza. Boga lina ua dume na ua jike kwenye mche mmoja. Madume yanatangulia, usishtuke yakidondoka. Jike utalijua kwa kale kaboga kadogo chini ya ua. Linafunguka alfajiri na likifika saa 4 au 5 limeshajifunga, ndo basi tena, na asubuhi ya mvua nyuki hatoki. Ndo kilichoniua mie Mei. Siku hizi jirani yangu, mama mtu mzima, kanifundisha: saa 12 na nusu unachuma ua dume, unalimenya majani yake ya njano, kinabaki kijiti chenye unga, unaupaka ule unga katikati ya ua jike taratibu kama unampaka mtoto wanja. Alinionesha kwenye mche wake, kale kaboga kakaanza kunenepa ndani ya siku tatu nne.

Mengine mafupi. Shimo na shimo hatua mbili kubwa, samadi ilooza vizuri, mbegu mbili tatu kisha unabakisha mche mmoja. Kwenye bonde la udongo mzito inua tuta, maji yasisimame. Kaboga kakishashika kavishe karatasi, hata gazeti lenu hili likishasomwa, nzi asitage ndani. Na usivune kwa tamaa, jaribu kwa ukucha, ganda likikataa kuingia na kikonyo kimekauka ndo likate, uliachie na kipande cha kikonyo, likikaa pahala pakavu penye hewa linavumilia miezi miwili na zaidi.

Ombi langu kwenu Mhariri, kila mwezi wekeni hata mistari kumi ya nini cha kupanda kwa mvua zetu wenyewe, Unguja na Pemba, kwenye kichanga na kwenye maweni, kwa sababu vijana wetu wanapenda kulima ila wanachokiona kwenye simu ni kalenda za watu wengine, wanapanda, inaoza, wanaacha.

Mie mbegu nshazikausha, ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, nasubiri ardhi ilowe.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba