Kwa vijana wa Missoula mnaotaka kuongoza wawindaji wa elki

Wanangu, salamu nyingi.

Nimesikia baadhi yenu mnataka kuacha kazi za ghala na hoteli mkaongoze wawindaji wa elki, wale kulungu wakubwa wa huku, milimani. Jambo jema, lakini nisikilizeni kabla hamjanunua viatu. Mimi niliwinda tangu utoto wangu Kivu, kwa nyavu na mbwa, nyuma ya wazee. Nilipoanza kazi hii hapa Montana, Marekani, nilikuwa na mvi tayari, na ilinibidi nifundishwe upya, maana kuwinda ni kazi moja na kumwindisha mwingine ni nyingine kabisa.

La sheria nitalipitia haraka. Hapa hakuna mwongozaji wa kujitegemea. Unapata leseni kwa bodi ya jimbo ukiwa umetimiza miaka 18, una cheti cha huduma ya kwanza, na mwenye kambi ya uwindaji, mwenye leseni yake, amekubali kukutumia. Ukichukua pesa kumpeleka mtu porini bila hayo, hata kama ni shemeji wa rafiki yako, umevunja sheria. Aliyezaliwa baada ya 1 Januari 1985 kwa kawaida hauziwi leseni ya kuwinda mpaka apite mafunzo ya uwindaji, na hapo ni karibu nyote. Mbwa wasahauni, elki hawindwi kwa mbwa. Askari wa wanyamapori akiwasimamisha kukagua, mjibuni kwa adabu na mfungue gari. Mwanzoni mwa karne iliyopita elki walibaki chini ya 100,000 bara zima. Leo ni kama milioni 1. Ukali huo wa sheria ndio uliowarudisha.

Sasa mnyama mwenyewe. Dume ana kilo 300 na zaidi, anampita tandala, na pembe zake huanguka kila mwaka majira ya kuchipua, zikaota nyingine. Septemba madume hugombea majike na kulia kwa sauti kali kama filimbi. Hapo ndipo wenye pinde huwaita kwa kuiga sauti ya jike. Wengi wenu mtajifunza kuita kwa wiki chache na mtajiona mabingwa. Lakini elki husadiki pua yake kuliko masikio. Alfajiri hewa baridi huteremka mlima. Jua likishapasha miteremko, hewa hupanda. Jioni huteremka tena. Anayepanda bondeni asubuhi upepo ukimshukia usoni yuko sawa. Akichelewa mpaka upepo ugeuke, harufu yake inamtangulia mlimani, na hata aite vipi, bonde limeshahama. Kaeni na kichupa cha unga mwepesi, mwupulize kila mara mwone upepo unakwenda wapi. Huo ndio ujuzi ninaoutazama kwanza kwa kijana.

Mteja ndiye mzigo mzito. Ametoka tambarare, pumzi fupi, na leseni yake ya mgeni peke yake imemgharimu zaidi ya dola 1,000, kabla hajamlipa mwenye kambi. Wewe uliyezoea kutembea mbele peke yako sasa utatembea kwa mwendo wake. Utamwona elki kabla yake na utamngoja amwone. Katika wilaya nyingi za uwindaji dume halali ni yule mwenye tawi lisilopungua inchi 4 kwenye nusu ya chini ya pembe. Kulihakiki ni kazi yako, kwa darubini, wakati mwenzako ameshaweka kidole karibu na kifyatuo. Akitetemeka, au mnyama akisimama mbali na upepo unavuma, mwambie asipige. Atanuna. Mwache anune. Damu ikipotea kwenye theluji usiku, katika nchi ya dubu, wewe ndiye utakayeifuata, na yeye atakuwa anaota moto.

Na risasi si yako kuipiga, ni ya mteja. Hili huwashinda wawindaji hodari kuliko walegevu.

Mwaka wa kwanza pengine hamtaongoza mtu. Mtapasua kuni, mtaosha sufuria, mtalisha farasi na nyumbu wa mizigo kabla hakujakucha. Kubalini. Katika hifadhi ya Bob Marshall, yenye zaidi ya ekari milioni 1, gari haliingii, msumeno wa mashine hauruhusiwi, wala hata toroli. Kila kitu huingia na kutoka mgongoni mwa mnyama au mwa mtu, na asiyejua kusawazisha mzigo pande mbili ataumiza nyumbu na kuangusha nyama njiani. Dume mzima hutoa kilo 100 hivi za nyama safi. Ngozi yake ni nene mno, hivyo hata siku ya baridi nyama ya paja huoza kuanzia kwenye mfupa usipochuna na kuipa hewa mapema. Mteja atataka picha na pembe kwanza. Mpe picha moja, kisha toa kisu.

Kuhusu malipo, ulizeni wazi kabla ya kutia saini: analipa kwa siku au kwa msimu, bahashishi ni ya nani, na siku za kutafuta njia kabla ya wateja kufika zinalipwa au la. Wapo wanaolipa vizuri, na wapo wanaopenda vijana wageni kwa sababu hawaulizi. Anayetaka kujifunza kufunga mizigo aje kwangu Jumamosi asubuhi, na glavu zake.

Mzee wenu