Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya yetu: kadi ya mama iko wapi?

Mheshimiwa,

Kwa umri nadhani wewe ndiye wa kuniamkia mimi, lakini cheo ni cheo: shikamoo. Naandika hadharani kwa sababu benchi la nje ya ofisi yako nimelikalia mara sita sasa, hadi mlinzi ananiuliza habari za watoto.

Mimi ni binti wa yule bibi wa Siku ya Mashujaa. Nakukumbusha, maana una mengi. Julai 25 mwaka jana mtendaji alipita akiwahimiza wazee waje kujaza viti, mama akaenda na kitenge chake cha msibani. Hakuwa mgeni rasmi wa mtu yeyote. Askari mstaafu mmoja anayechechemea ndiye aliyemwona kule nyuma, akapaza sauti: "Huyu ndiye sista aliyenifunga mguu!" Ukamwita mbele, ukampa cheti, ukapiga naye picha. Kisha ukatamka kwenye kipaza sauti kwamba mama huyu atapewa kadi ya matibabu, na kuanzia siku ile hatatoa hata shilingi. Nililia, sikufichi.

Nililia kwa sababu hakuwahi kutusimulia. Tulichojua nyumbani ni kwamba lori likipita usiku, mama anaamka na kukaa kitandani hadi lipotee. Siku ile ndipo nilipopata habari yenyewe, tena kwa mdomo wa mgeni: kwamba Novemba 1978, wakati wa vita vya Kagera, daraja la Kyaka lilipolipuliwa na majeshi ya Idi Amin, huku watu wa ng'ambo ya Mto Kagera wakikimbia na magodoro kichwani, yeye alikuwa muuguzi wa miaka 26 huko huko, Ziwa Magharibi kama mkoa ulivyoitwa wakati ule. Bandeji zilikwisha. Wakawa wanazifua zile zile za damu, wanazichemsha kwenye sufuria la ugali, wanazianika, wanazirudisha mguuni. Kampala ilipotekwa Aprili 1979 wengine walicheza ngoma. Yeye aliendelea na zamu, kwani majeruhi haponi kwa tangazo la redio.

Baada ya vita Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Mama hajaulegeza wake mpaka leo.

Sasa Jumatano iliyopita. Kliniki ya presha, miguu imemvimba, tumefika dirisha la wazee. Kadi? Hatuna. Mama akafungua kitambaa, akatoa cheti chako. Kijana wa dirishani akakigeuza huku na huku: "Bibi, hiki ni cha ndoa?" Foleni ikacheka. Mama naye akacheka, na hicho ndicho kilichoniuma. Dawa tukaelekezwa duka la nje, shilingi 38,000, nikakopa kwenye kikoba. Mimi nauza ndizi, Mheshimiwa. Siku ya kliniki ni siku isiyo na mauzo, na bodaboda haitaki kusikia habari za ushujaa.

Labda jalada lilihama na yule katibu wako wa zamani. Labda ni jina, maana kwenye cheti mmelikosea na halifanani na kitambulisho. Au labda huko ofisini shujaa ni aliyeshika bunduki tu, aliyeshika beseni si hesabu. Sijui nimshike nani.

Nilitaka kuomba mengi: jina lirekebishwe, kiinua mgongo chake kifuatiliwe, yule kijana afundishwe adabu. Nimeyafuta. Hata picha ile endeleeni kuitumia kwenye kalenda. Naomba kadi tu. Uliahidi kadi, tena bila kuombwa.

Mama hajui kama nimeandika; angenigombeza kwa kukusumbua. Jumatano ijayo tuna kliniki tena. Saa mbili asubuhi tutakuwa dirishani, yeye na kitenge kile kile.

Kadi, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Binti wa sista