Usiyatupe Hayo Mabalungi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, na amesisitiza niandike kwamba uvae soksi.

Juzi kwenye simu ulisema umenunua mabalungi manne kwa sababu ya rangi yake tu, ukala nusu, ukakunja uso, na sasa matatu na nusu yamekaa jikoni yanakutazama. Ukacheka, ukasema utayatupa. Nilitaka kukujibu pale pale lakini mama yako alishaninyang'anya simu. Ndiyo maana nimekaa niandike.

Kosa lako ni moja: umekula balungi la baridi asubuhi ya baridi. Mtu ametoka kwenye blanketi, meno yanagongana, halafu anatia mdomoni tunda lililolala kwenye friji! Hata mimi ningekunja uso. Asubuhi kama hizo balungi linataka sukari na moto, na moto wenyewe uwe wa kutoka juu.

Usiku kabla ya kulala, toa moja kwenye friji uliache mezani. Likiingia motoni na baridi yake, sukari itaungua juu huku katikati likiwa bado barafu. Na siku ukienda kununua mengine, pima kwa mkono, usipime kwa macho. Shika mawili yanayolingana ukubwa, chukua lililo zito zaidi. Huo uzito ni maji. Rangi ya ganda haina ushahidi wowote, maana ni baridi ya usiku inayoligeuza, na kwenye nchi za joto balungi huweza kuiva likabaki kijani. Wala usilinunue bichi ukitegemea litaiva kabatini. Jamii yote ya machungwa haiivi baada ya kuchumwa.

Asubuhi likate kwa upana, kikonyo kibaki upande mmoja na kitako upande wa pili, ili vipande vya ndani vionekane kama spoku za baiskeli. Halafu punguza kidogo ganda la chini la kila nusu, kijisehemu chembamba tu, lipate kukaa bila kuyumba. Sasa chukua kisu kidogo chenye ncha. Zungusha pembeni, kati ya nyama na ile ngozi nyeupe, kisha pitisha kisu kando ya kila utando, kushoto na kulia, hadi kila kipande kiachie. Utandoni na kwenye ile nyeupe ndiko uchungu mwingi unakojificha, kwa hiyo usivichokoe, viache pale pale. Mbegu zitoe. Kazi hii inachosha kidogo mara ya kwanza, lakini ukiruka hatua hii utakaa mezani unapigana na tunda kwa kijiko na juisi inakurukia machoni.

Inayofuata ni hatua ambayo watu wengi hawaifanyi, wakishaharibu wanasingizia oveni. Pindua kila nusu, uso uangalie chini, juu ya kitambaa safi kikavu. Iache dakika mbili tatu. Ukiinua utaona kitambaa kimelowa. Maji hayo yangebaki juu, sukari ingeyeyuka ikawa shira, na shira haigandi ikawa ganda hata ukiichoma hadi jioni.

Likishakauka, nyunyiza chumvi, chembe chache tu za kushika kwa ncha za vidole viwili. Najua utashangaa. Chumvi hufifisha uchungu ulimini, na utamu wa tunda unapata nafasi ya kusikika. Kisha tia sukari ya kahawia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila nusu, itandaze ifike hadi ukingoni, na mdalasini kidogo. Siagi ukipenda, kiasi cha punje ya harage, pale katikati. Watu wengine hutia asali. Mimi siipendi hapa, inawahi kuungua kabla tunda halijapata joto.

Washa moto wa juu wa oveni mapema, uwe umeshakolea. Panga nusu zako kwenye trei ya chuma, sentimita kama 10 kutoka kwenye moto, na usiende popote. Simu iache chumbani. Dakika ya kwanza na ya pili hutaona kitu. Ya tatu sukari inaanza kulowa na kung'aa, kisha inatoa vipovu vidogo pembeni, vipovu vinakutana katikati, rangi inakuwa ya chai iliyokolea. Hapo toa. Kati ya rangi hiyo na mkaa kuna sekunde chache mno, nami nimezipoteza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nimesema trei ya chuma kwa sababu. Ulikuwa na miaka sita hivi. Niliweka mabalungi kwenye bakuli la kioo chini ya moto wa juu, nikaenda kumwaga takataka. Niliporudi, bakuli limepasuka vipande vipande, juisi inachuruzika ndani ya oveni, na wewe umesimama mlangoni na gauni la kulalia unaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, sahani imekasirika." Tulikula mkate mtupu siku ile. Karatasi ya kuokea nayo usiweke, inashika moto.

Kama oveni yako haina moto wa juu, tumia kikaango. Tandaza sukari kikaangoni, moto wa wastani, ikianza kuyeyuka laza balungi kifudifudi juu yake dakika mbili, kisha linyanyue na uligeuze taratibu. Sukari hiyo ikikudondokea mkononi haitoki, kwa hiyo tumia mwiko mpana, usilete ushujaa.

Likitoka motoni subiri dakika mbili. Ganda la sukari linagandia hapo, na ulimi wako unasalimika.

Uliniuliza pia, kwa hasira, ni nani aliyelibuni tunda chungu namna hii. Hakuna aliyekaa akalibuni. Lilijitokeza kisiwani Barbados karne ya 18, furungu na chungwa vilipochavushana, na zamani huko waliliita tunda lililokatazwa. Jina lake la kisayansi, Citrus paradisi, lina paradiso ndani yake.

Na mimi sasa nimekatazwa kweli. Hili sikukwambia kwenye simu. Daktari ameniandikia simvastatin, dawa ya kushusha lehemu, yaani kolesteroli, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama ninakula mabalungi. Nikacheka, yeye hakucheka. Ndani ya balungi kuna kemikali zinazozuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunjavunja dawa kama hiyo, hivyo dawa inaingia kwenye damu kwa wingi kuliko kipimo alichokusudia. Nilijaribu kubembeleza: nile asubuhi, kidonge nimeze usiku? Akasema haisaidii, athari ya balungi hudumu hata zaidi ya siku nzima. Furungu na danzi vivyo hivyo. Kwa hiyo na wewe, siku yoyote ukiandikiwa dawa, hasa za moyo au shinikizo la damu, uliza kuhusu balungi kabla ya kumeza.

Siku hizi nachoma machungwa ya kawaida, hayo ameniruhusu. Si mabaya, mama yako anayapenda kuliko hata mabalungi. Kwangu mimi chungwa lenye sukari ni utamu juu ya utamu, hakuna wa kubishana naye.

Basi hayo matatu yaliyobaki kula kwa niaba yangu. Ile nusu uliyoiacha itakuwa imekauka, hiyo tupa. Nitapiga simu Jumapili asubuhi, na ikiwezekana usile mpaka nipige. Weka simu karibu na sahani, kisha gonga ganda la sukari kwa mgongo wa kijiko, nilisikie likipasuka.

Ni mimi baba yako