Mwachieni muuguzi filamu yake

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa burudani alizifananisha filamu za sikukuu, zile zenye mastaa tele na visa vilivyosukwa pamoja, na nguo ya viraka: rangi nyingi, nguo hamna. Nilicheka, maana kasema vizuri. Halafu nikakasirika kidogo, kwa sababu moja ya filamu hizo nimeipenda na sioni haya kusema.

Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mikesha ya mwaka mpya nimeimalizia wodini mpaka nimezoea. Safari hii jina langu halikuwemo kwenye ratiba ya usiku, nikajitupa kwenye kochi na binti yangu, tukaweka New Year's Eve, ya mwaka 2011. Aliyeiongoza ni Garry Marshall, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa ametoa nyingine ya mtindo huohuo kuhusu Siku ya Wapendanao. Wakosoaji wa Marekani waliiponda vibaya ilipotoka. Binti yangu alinisomea maneno yao kwenye simu kabla hatujaanza, eti nijiandae kisaikolojia.

Mambo yote yanatokea siku moja, tarehe 31 Desemba, jijini New York, watu wakisubiri mpira wa taa ushuke Times Square. Mpira huo upo kweli. Ulishushwa kwa mara ya kwanza usiku wa kuukaribisha mwaka 1908, na tangu hapo umekosekana mara mbili tu, mwaka 1942 na 1943, taa za jiji zilipopunguzwa kwa ajili ya vita. Unaanza kushuka saa sita kasoro dakika moja, unatumia sekunde 60. Hizo sekunde nitazirudia.

Lalamiko kubwa la mwandishi wenu ni kwamba kila mhusika anapewa dakika chache kisha tunahamishwa kwa mwingine. Ndugu yangu, mimi watu ndivyo ninavyowajua. Kitanda cha kwanza mtu anamsubiri mwanawe ambaye haji. Cha pili mke na mume wamenuniana, lakini mume ndiye anayemshikia kikombe. Cha tatu anataka kujua matokeo ya mpira. Nafungua dripu hapa, nabadilisha shuka pale, kila mmoja ananipa kipande cha habari yake, na asubuhi nakabidhi zamu kabla sijajua iliishaje. Mara nyingine nikirudi, kitanda kina mtu mwingine. Kwa hiyo filamu inayoniruka-rusha kutoka lifti iliyokwama, kwa Ashton Kutcher na Lea Michele, hadi kwa Michelle Pfeiffer aliyeacha kazi akiwa na orodha ya mambo aliyojiahidi na hajayafanya, mimi hainipotezi. Huyo Pfeiffer peke yake anatosha. Zac Efron anamzungusha mjini ili ayatimize yote kabla ya saa sita, na yule mama aliyeanza kama kinyago cha ofisini anazidi kuchangamka kila mstari unapokatwa.

Sisemi haina kasoro. Kisa cha Bon Jovi na mpishi wake nilikitumia kwenda kuchemsha chai. Na ile ya wajawazito wawili wanaoshindana nani ajifungue wa kwanza mwaka uingiapo, apate zawadi ya dola 25,000, ilinipandisha presha. Mtoto hahimizwi kama basi! Nilimpigia kelele Jessica Biel kwenye televisheni mpaka binti yangu akapunguza sauti, ya televisheni, maana yangu haipunguziki.

Lakini yupo Halle Berry. Asiyeitazama filamu aruke aya hii. Yeye ni muuguzi, na mgonjwa wake ni Robert De Niro, mzee wa saratani ambaye hataki tena matibabu. Anachotaka ni kupanda paani auone ule mpira ukishuka. Zamu ikiisha, Berry anavaa gauni la kutokea, anajipaka rangi ya mdomo, unadhani anakwenda dansi. Haendi popote. Anakaa mbele ya kompyuta kuongea na mumewe, mwanajeshi aliyeko Afghanistan. Mwandishi wenu anaweza kusema ni machozi ya bei rahisi. Mimi nimewaona wenzangu wakijipaka poda kwenye kioo cha chumba cha dawa saa tano usiku, ili mtu aliye mbali awaone vizuri kwenye simu kwa dakika tatu.

Na saa sita ya wodini, kwa asiyeijua, ni hivi. Nje watu wanapiga kelele, ndani unazunguka na mashine ya presha. Ukiandika vipimo kwenye karatasi, mkono unaandika mwaka wa jana, unakata, unaandika upya, unatia sahihi pembeni kuwa ni wewe uliyekata. Kuna mgonjwa ambaye pumzi zake huwezi kuzikadiria. Unashika saa, unamtazama kifua dakika nzima, sekunde zote 60, hupunguzi hata moja. Nimewahi kuuingia mwaka namna hiyo, nikiwa nimemwinamia mzee, nikihesabu. Alifika kumi na nne, na mwaka ulikuwa mwingine.

Basi De Niro akafikishwa paani na bintiye akawahi kufika. Mpira ukaanza kushuka, na mimi nikakuta nimeweka mug chini, macho kifuani kwake.

"Mama, unahesabu nini?"

Kabla sijamjibu, kamera ikahamia kwa wanaobusiana, hesabu ikanipotea nikiwa kwenye tisa.

Wenu,
Muuguzi wa zamu ya usiku