Wanaofyeka mkuza wa umeme watupe taarifa kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa kooni tangu juzi.

Mimi ni mkulima wa parachichi huku Njombe, shamba letu limepitiwa na laini ya umeme ya kilovoti 33, na ule ukanda wa chini ya laini unaotakiwa uwe wazi ndio wanaouita mkuza. Nguzo zilipokuja marehemu baba alipisha bure kabisa, hakudai hata mia, tulikuwa tunautaka umeme na mpaka leo tunautaka. Sasa juzi narudi kutoka mnadani nasikia mashine inalia shambani, nikajua wanakata milingoti, yaani mikaratusi, ya bondeni, kufika nakuta vijana wanne wa mkandarasi na miti yangu sita ya parachichi aina ya Hass iko chini, miche ya kubebesha niliyopanda 2019, matunda yameshakuwa kama yai la kuku yametapakaa kwenye majani na kisiki bado kinatoa maji. Nauliza nani kawaambia, kijana ananijibu mzee sisi tumetumwa tufyeke mkuza. Basi.

Ni wao wenyewe walionitajia mita 5 kila upande wa laini. Nikachukua kamba na mwanangu tukapima, miwili ilikuwa ndani sawa sibishi, lakini minne ilikuwa mita 8 na nusu, tena kimo chake hata ungeanguka wote usingefika kwenye waya! Halafu ule mlingoti mkubwa wa mpakani, ambao mwaka jana ulidondosha tawi tukakaa giza siku tatu, huo wameuacha umesimama. Sijui mashine ilikuwa fupi au vipi.

Nimeenda ofisini kwao nikaambiwa ndani ya mkuza hakuna fidia. Sawa, na ile minne ya nje? Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, mimi hata hiyo haraka sijaiomba, nimeomba tu mtu aje na kamba yake apime, nikaambiwa niache namba ya simu.

Mhariri sipingi kufyeka, mti ukigusa waya kijiji kizima kinalala giza na mtu anaweza kufa. Ninachoomba ni barua ibandikwe ofisi ya kijiji wiki mbili kabla, mtendaji atangaze, waje na mwenye shamba tupime pamoja tuweke alama, mti wa kupunguza matawi upunguzwe, wa kukata nikate mwenyewe nipate kuni na mbao. Kwenye mkuza wenyewe nitapanda viazi na maharage, hayo hayafiki kwenye waya.

Na matawi waje wayatoe, wameyarundika kwenye mfereji wa maji na kiangazi ndiyo hicho kinaingia, yakikauka mtu akipita na kiberiti tutazima moto kwa ndoo.

Mkulima wa parachichi,
Njombe